Wenzake Kadra

Ukishuka Garsen, pale yanaposimama mabasi ya Lamu na ya Malindi, huna haja ya kuuliza kijiwe kiko wapi. Fuata kelele. Nje ya kibanda cha simu cha Zadock kuna kiti kirefu kilichong'olewa kwenye basi lililokufa, sponji inachungulia kila pembe, na mbele yake amekaa Nyale na birika lake la kahawa juu ya jiko la makaa. Kahawa ni chungu, ina tangawizi ya kumtoa mtu machozi, na wanaoinywa ni watu ambao saa hiyo wangepaswa kuwa mahali pengine. Zadock anaitwa Bunge, kwa kuwa hakuna hoja inayompita bila kuichangia. Jarso, dalali wa soko la mifugo, anaitwa Kilo, maana akimtupia fahali jicho moja anakutajia uzito wake, na hakosei sana. Mzee Abduba, mfugaji, anaitwa Saa Nne, kwa sababu hiyo ndiyo saa anayotokea kila siku akishanywesha ng'ombe. Na Komora anaitwa Dokta. Udaktari wenyewe ni huu: mwaka ule wa ukame aliajiriwa siku chache na mradi mmoja wa kupima akili za watoto, akapewa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni na cheti chenye muhuri. Kitambulisho kilikwisha muda wake zamani. Jina la Dokta lilibaki, naye hakuwahi kulikataa.

Asubuhi hiyo Saa Nne alifika saa tatu, na kijiwe kizima kikashtuka.

— Mzee, leo umewahi, alisema Zadock. Ng'ombe wamejinywesha?

— Kuna karatasi, alijibu Abduba.

Alifungua mkunjo wa kikoi chake, akatoa bahasha iliyofungwa ndani ya karatasi ya mkate. Aliishika kwa vidole viwili, kama mtu anayeshika kitu cha moto.

— Ile watu ya kupima akili walikuja shule, wakapima watoto. Sasa jibu ya Kadra imetoka. Mwalimu anasema niweke kidole hapa chini, nirudishe leo kabla ya adhuhuri. Dokta, wewe ndio kazi yako. Nisomee.

Kadra walimjua wote. Ni binti wa Abduba, ana miaka tisa, na Jumamosi huja mjini na bibi yake kuuza maziwa. Huwa anasimama mlangoni kwa Zadock kutazama simu zilizopasuliwa, na akiuliza swali haondoki mpaka limejibiwa.

Komora alikohoa, akaketi wima kadiri kile kiti kilivyomruhusu, akasoma kwa ile sauti yake ya kazi:

— "Mtoto Kadra Abduba, umri miaka tisa, amepimwa kwa kipimo kilichotengenezewa kaunti hii. Ameshindwa maswali yote ya kuhesabu. Akilinganishwa na wenzake…"

Hapo macho yake yakatangulia mbele ya mdomo, na mdomo ukasimama. Mstari uliofuata ulisema wenzake hao ni watoto thelathini wa jamii ya wafugaji wa eneo hili, waliopimwa kipimo kilipokuwa kikitengenezwa. Komora alisikia masikio yakimwaka moto. Watoto hao thelathini aliwajua vizuri. Aliwapima yeye mwenyewe kwa mkono wake, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa wa mfugaji.

— Akilinganishwa na wenzake kivipi? aliuliza Jarso. Mbona umekwama? Malizia.

— "…yuko chini sana," alisema Komora, akauruka ule mstari mzima. "Inapendekezwa aondolewe shule anayosoma sasa, apelekwe shule ya bweni ya watoto wenye ulemavu wa akili. Mzazi atie sahihi kukubali."

Akaikunja barua haraka, akamrudishia mwenyewe. Hakuna aliyegundua alichoruka. Nyale alimimina kahawa bila kuulizwa, kama inavyofanywa mtu akipata msiba.

Abduba akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, cha mtu anayewahi kucheka kabla wengine hawajamcheka.

— Basi mimi nimezaa mawe, alisema. Mtoto ya mfugaji haiwezi kuhesabu! Si ni aibu hii? Juzi, mwalimu aliponidokeza tu, nikamnyang'anya ndama. Nikampa ndugu yake achunge, na shule nikamwambia asiende. Mtu hawezi kuhesabu, atajuaje kama moja imepotea?

— Na kwani alishawahi kupoteza ndama? aliuliza Nyale.

— Bado.

— Kwani una ndama wangapi, mzee? aliuliza Zadock.

— Ndama wapo.

— Wapo wangapi?

— Wapo tu. Kunywa kahawa.

Zadock alicheka, akasema hawa matajiri wa ng'ombe wanaogopa hata watu wa kijiweni. Jarso alijifanya anafukuza nzi. Jambo likapita, na kijiwe kikaanza kufanya ile kazi kinayoiweza.

— Mimi nawaambia akili ni kichwa, alianza Jarso. Fahali ukitaka kumjua, angalia hapa, kati ya jicho na jicho. Pakiwa pana, huyo ni mnyama. Pakiwa pembamba, peleka kwa mchinjaji. Hao wapimaji walipima upana?

— Kilo, mtoto si fahali, alisema Zadock. Manze, akili siku hizi inafuata mtandao. Angalia watoto wa hapa mjini, walio karibu na mnara wa simu. Wanazaliwa wakijua kuwasha tochi ya simu. Huko kwa mzee Abduba, ukitaka mtandao unapanda juu ya kichuguu, unasimama mguu mmoja. Akili itafikaje huko?

— Mtandao gani! alisema Nyale, akipuliza makaa. Ni mathenge, hii miti ya miiba. Hamwoni mbuzi wanaokula yale maganda ya mathenge? Meno yote yameoza, taya limekwenda upande. Sasa mbuzi huyo akamuliwe, mtoto anywe maziwa, itabaki kitu kichwani?

— Kadra anakunywa ya ng'ombe, alisema Abduba polepole.

— Ng'ombe anasimama karibu na mbuzi!

— Ni yale mafuriko, alidakia Jarso, ambaye hakupenda hoja ya fahali imfie mikononi. Mto ulipofurika uliosha kila kitu. Udongo wa juu ulikwenda baharini, na udongo ndio unaolisha nyasi, nyasi zinalisha ng'ombe, ng'ombe anamlisha mtoto. Akili yetu yote saa hii iko Kipini baharini, inaliwa na kamba.

— Kwa hivyo kamba wa Kipini wangepita mtihani wa darasa la sita? aliuliza Zadock.

— Darasa la sita wangepita. Sekondari ndio sijui.

Walicheka mpaka kiti kikalia. Abduba naye alicheka, na kila akicheka aliitazama ile bahasha pajani. Komora alicheka pia. Alijisikia akicheka, akajichukia, lakini kunyamaza kungemfanya aulizwe ana nini. Aibu ina tabia hiyo, inakulazimisha uifiche kwa kufanya jambo lingine la aibu.

Na kama kawaida ya kijiwe, hoja zilipozidi ujinga waligeukia mtaalamu.

— Dokta, umenyamaza, alisema Zadock. Si hii ndio mambo yako? Tueleze basi. Akili inapimwaje, na haionekani?

Komora angeweza kusema hajui. Badala yake, ile sauti ya kazi ilijitokeza yenyewe.

— Kuna misingi, alisema. Tulifundishwa semina kule Malindi. Msingi wa kwanza, kilicho kichwani mwa mtu kipo hata kama hakionekani, na kinaweza kupimwa kwa anayotenda na anayojibu. Wa pili, hakuna kipimo kisicho na kosa, ni lazima useme kosa lako liko wapi. Wa tatu, alama peke yake haina maana. Mtoto akipata saba, saba ni nyingi au ni chache? Huwezi kujua mpaka ujue wenzake walipata ngapi. Kwa hivyo kwanza unapima watoto wengi walio kama yeye, wa mahali pake, wa maisha yake, halafu ndio unamlinganisha nao.

— Hapo nimekuelewa, alisema Jarso. Ngamia hapimwi na punda.

— Hivyo hivyo.

— Na wewe ndio uliyewapima hao wengi.

— Nilikuwa mmoja wa wapimaji, alisema Komora.

Yule mama aliyewafundisha Malindi alikuwa mdogo wa umbo, mwenye miwani na sauti isiyopanda. Aliurudia ule msingi wa tatu siku nzima. Kila msaidizi alipewa orodha yake, na ya Komora ilikuwa na watoto sitini, thelathini wa mjini na thelathini wa kwa wafugaji, majina yao yote yamepigwa chapa. Wale wa mjini aliwamaliza kwa siku mbili. Siku ya tatu alipanda pikipiki kwenda kwa wafugaji, akakuta maboma matupu. Mvua zilikuwa zimekataa, na watu walikuwa wamehama na mifugo yao kwenda kutafuta majani kwenye delta ya mto. Alimkuta bibi mmoja tu na mbwa wawili, na bibi akamwonyesha kwa mkono kule walikokwenda, mbali, majini. Fomu ilikuwa na kisanduku kwa ajili ya jambo hilo. Kiliandikwa "hakupatikana", na kazi yako ni kutia alama tu. Lakini Komora aliwaza kurudi na fomu thelathini tupu, na wenzake wote wamejaza, naye aonekane mzembe. Akaenda shule iliyo kando ya lami, akaomba watoto wengine thelathini, akawapima vizuri kabisa, na juu ya kila fomu akaandika jina la mtoto aliyekuwa ameondoka na ng'ombe. Siku ya kufunga kazi walimpigia makofi kwa kuwa orodha yake peke yake ndiyo iliyotimia. Cheti bado kiko ukutani kwake, ndani ya fremu.

Alijiambia wakati ule kwamba mtoto ni mtoto. Na kwa miaka hii yote alikuwa hajalazimika kujiambia tena.

— Basi mambo yameisha, alisema Abduba, akisimama. Wataalamu wamesema. Bunge, una ile wino ya muhuri? Niweke kidole niende zangu.

Zadock aliingia kibandani kutafuta kidau cha wino. Komora aliuangalia ule mkono wa Abduba, kidole gumba kimekakamaa kwa miaka ya kamba na fimbo.   Akajiambia atamfuata baadaye, faraghani, atamweleza kwa utaratibu. Alijua kabisa kwamba hatamfuata.

Wakati huo huo alikuwa amekuja mama mmoja na kikapu cha papa mkavu, basi lake la Malindi limechelewa, anatafuta kivuli. Alimsalimu kila mtu, akajitambulisha kuwa ni Amina, mtu wa Kipini, akaomba kahawa kikombe kimoja. Alikuwa amesimama hapo muda, amesikia habari za kamba na mtihani wa darasa la sita, wala hakuonekana kukasirika.

— Samahanini baba zangu, alisema. Mimi mgeni, hata si neno langu hili. Lakini nimesikia mwasema mtoto ameshindwa na wenziwe. Hao wenziwe ni kina nani?

Kijiwe kikamtazama.

— Ni wenzake, alisema Nyale. Watoto wenzake.

— Ndiyo baba, lakini wana majina na wazee wao. Ni wa nani?

— Si umesikia Dokta, mama, alisema Zadock, akitoka na kidau cha wino. Watoto walio kama yeye. Itakuwa imeandikwa humu. Hebu mzee, nipe hiyo barua.

Komora alinyoosha mkono kuichukua barua kwanza, lakini kiti kilikuwa kimemzamisha, na Zadock alikuwa amesimama. Zadock akasoma kwa kidole, neno kwa neno, mpaka akafika pale.

— Hii hapa. "Watoto thelathini wa jamii ya wafugaji wa eneo hili, waliopimwa mwezi wa pili, mwaka…" Aa, ni ule mwaka wa ukame. Dokta, hii hukuisoma.

— Mwezi wa pili wa ule mwaka? alisema Jarso.

— Ndivyo imeandikwa.

Jarso aliweka kikombe chini.

— Mwezi wa pili wa mwaka ule hapa hakukuwa na mtoto wetu hata mmoja. Tulihama wote. Mimi mwenyewe nilifunga kazi sokoni nikafuata ng'ombe wa baba. Abduba, nyinyi mlikuwa wapi?

— Delta. Mpaka mvua ikaja. Kadra alikuwa mdogo, alipanda punda.

— Sasa hao thelathini wametoka wapi?

 Nyale alimtazama Zadock, Zadock akaitazama barua kana kwamba itaongeza neno. Mama Amina alikunywa kahawa yake. Alikuwa ameuliza tu, kama mtu yeyote angeuliza, na sasa alionekana kujuta.

Komora aliangalia chini. Kati ya miguu yake kulikuwa na kipande cha sponji kilichotoka kwenye kiti, na alikikanyaga, akakikanyaga tena.

— Ni mimi, alisema.

— Wewe nini?

— Sikuwakuta. Nilifika, maboma yalikuwa matupu. Nikachukua watoto wa shule ile ya kando ya lami, nikawaandika majina ya watoto wenu. Hao ndio wenzake.

Alisema haraka na kwa sauti ndogo, na bado kila mtu alisikia. Abduba aliinama kumtazama usoni.

— Uliandika jina ya mtoto yangu juu ya mtoto ya mtu mwingine?

— Si Kadra. Alikuwa mdogo bado. Lakini wa majirani zako, ndiyo.

— Dokta, msee, alisema Zadock, akimrudishia Abduba barua.

— Lakini ameshindwa kuhesabu, alisema Nyale, ambaye alikuwa akitafuta namna ya kumwokoa mtu yeyote. Hata kama hao si wenzake, hesabu ni hesabu. Si ndiyo? Dokta, hayo maswali yalikuwaje?

Komora aliyakumbuka yote. Alikuwa ameyauliza mara sitini.

— Yalikuwa ya picha. Wale waliotengeneza walitaka kuwafurahisha wafugaji, wakachora mifugo. La kwanza ni ng'ombe wamelala zizini. Unamwonyesha mtoto, unamwambia, hesabu ng'ombe hawa kwa sauti mpaka umalize. La pili ndama. La tatu kondoo. Yote sita ni hivyo.

Jarso na Abduba walitazamana.

— Kwa sauti? aliuliza Jarso.

— Kwa sauti.

— Wallahi, alisema Jarso, akajifuta uso kwa kiganja.

Zadock hakuelewa. Akauliza kuna nini, kwani kuhesabu ng'ombe ni matusi? Jarso akamjibu kwamba yeye amekuwa dalali miaka kumi na minne, na Zadock hajawahi kumsikia akitaja idadi ya ng'ombe wa mtu kwa mdomo. Anataja uzito, anataja rangi, anamgusa mmoja mmoja kwa fimbo. Idadi hatamki. Ukihesabu mifugo kwa sauti unaiitia kifo, ndivyo walivyolelewa nyumbani kwao, na mtoto hufundishwa hilo kabla hajafundishwa kuvaa.

— Mama yangu alimchapa Kadra, alisema Abduba. Alikuwa na miaka nne. Alisimama mlango ya zizi akaanza, moja, mbili, tatu, amefurahi, ametoka kujifunza. Bibi yake akamchapa na kamba ya kufunga ng'ombe wakati ya kukamua. Alilia mpaka jioni. Hajarudia tena mpaka leo.

Alikaa tena kitini, polepole.

— Anajua kila ndama. Jina yake, mama yake, bibi yake. Jioni anasimama pale, anaangalia tu, hasemi kitu. Moja ikikosa anajua ni gani, anaenda kuitafuta. Mimi nimemwona. Mimi nimemwona na macho yangu, halafu karatasi ikaja nikaamini karatasi.

Komora alitamani wamtukane. Matusi angeyajibu, au angeyapokea na kuondoka. Lakini hakuna aliyemtukana, na akajikuta anaendelea kusema mwenyewe, kama mtu anayeteremka mteremko na hana breki.

— Ningekwenda delta, ningewapima watoto wenu, wote wangenyamaza kama yeye. Siku ya kwanza tu ningejua. Ningeandika kwamba maswali haya sita hayafai huku, nao wangeyatupa. Hiyo ndiyo kazi niliyotumwa. Kupima wale wengi kwanza ilikuwa ni kwa ajili ya hilo tu.

— Na ulijua lini? aliuliza Abduba. Kwamba barua hii ni ya uongo.

— Nilipokuwa nakusomea.

— Kabla hatujacheka?

— Kabla.

— Na ukacheka.

— Nikacheka.

Abduba alitikisa kichwa, si kwa hasira. Ilikuwa mbaya zaidi kuliko hasira. Alikuwa akimtazama Komora kama alivyomtazama kila siku, kama rafiki, ila kwa mara ya kwanza alionekana kuhakikisha ni yeye.

— Barua kama hizi zilitoka ngapi? aliuliza Jarso ghafla.

— Sijui. Shule zote zinatumia kipimo hicho.

— Mtoto wa dada yangu alipelekwa huko bweni muhula uliopita. Ahmed. Hata yeye walisema hesabu.  Mimi ndiye niliyempandisha basi. Nikamwambia awe mwanamume, asilie.

 Komora alikuwa hajui hata kwamba kuna Ahmed. Alisema kwamba atakwenda shuleni sasa hivi, na ofisi ya elimu, na atamwandikia yule mama wa Malindi, ataandika yote, na jina lake chini. Na cheti atakipeleka. Kila alichosema kilisikika kidogo.

Basi la Malindi lilipiga honi. Mama Amina akanyanyua kikapu chake, akarudisha kikombe kwa Nyale, akasita. Akamwambia Abduba kwamba yeye alisomea chuo tu, kurani, na miaka mingapi sijui hakujua kusoma barua ya mtu, lakini papa wake wote anawajua, na mtu akimwibia mmoja anajua ni yupi. Akaenda zake bila kusubiri jibu.

Abduba aliikunja ile barua mara mbili, mara tatu, akairudisha kwenye karatasi ya mkate. Kidole chake hakikuguswa na wino. Zadock alikifunga kidau.

— Jana Kadra aliniuliza, alisema Abduba. Wakati ndugu yake anatoka na ndama. Akaniuliza, Abba, nimekosa nini? Nikamwambia hukukosa, umepimwa, wenzako wamekushinda. Akaniuliza, wenzangu gani? Nikamwambia nyamaza.

Akawatazama mmoja mmoja, Nyale, Zadock, Jarso, mwisho Komora.

— Sasa nikamwambie nini?

Hawa watu walikuwa na jibu la kila kitu. Walikuwa wamemaliza asubuhi nzima wakieleza akili ilikokwenda, wakaifuata mpaka baharini. Sasa Zadock alianza kukuna ukucha wake. Jarso aligeuka upande wa barabara. Nyale alinyanyua birika ili apate la kufanya, akaliinamisha juu ya kikombe cha Abduba, na halikutoa ila masimbi meusi ya kahawa.

— Nitakuja nawe, alisema Komora. Nitamwambia mimi, halafu ndio niende shuleni.

 Abduba alisimama, akajifunga kikoi vizuri, akachukua fimbo yake iliyokuwa imeegemezwa kwenye kibanda.

— Njoo. Lakini utamwambia mbele ya ndugu yake, na mbele ya mama yangu. Hutanong'ona kama ulivyonong'ona hapa. Utasema kwa sauti.

Komora alijikwamua kwenye kile kiti, na hakuna aliyemwita Dokta alipoondoka. Alimfuata Abduba hatua mbili nyuma, wakavuka lami, wakaingia njia ya vumbi inayokwenda malishoni. Njiani alilitafuta neno la kwanza la kumwambia mtoto wa miaka tisa. Walipoanza kusikia ndama wakilia kule malishoni, alikuwa bado hajalipata, na Kadra alikuwa amekaa peke yake kwenye mlango wa zizi tupu, anawaona wanakuja.